Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Jiko Ukivunjwa, Bomba la Hewa Lihamie Wapi?

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinatoka Mbeya, Makete na Iringa, na zote zinahusu bomba ambalo wenye nyumba wengi hulikumbuka pale tu ukuta uliolificha unapotakiwa kuondoka.

SWALI

Ndugu Mwandishi, shikamoo. Mimi na baba watoto tumenunua nyumba ya tofali za kuchoma hapa Uyole, Mbeya. Jiko ni dogo, na limetengwa na chumba cha kulia kwa ukuta ambao tungependa kuuvunja ili pawe mahali pamoja penye nafasi. Sinki limefungwa kwenye ukuta huohuo. Fundi alipochokoa plasta amekuta mabomba mawili yanayopanda hadi juu ya bati: moja la inchi mbili linalotoka kwenye sinki, na jingine la inchi nne, mwishoni mwa ukuta, linalotoka chooni, ambako kumepakana na jiko. Fundi wa kwanza anasema hayo ni mabomba ya hewa tu, kwa hiyo tuyakate usawa wa sakafu, tuyafunike na kuendelea na kazi. Wa pili anasema tuyakate darini yapumulie humohumo. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, anataka kuweka valvu ndogo chini ya sinki, na anaongeza kwamba huku milimani hewa ni nyepesi, hivyo mabomba lazima yawe makubwa kuliko ya pwani. Sinki lenyewe tunatamani likae katikati ya chumba, kwenye meza ya zege, kama tunavyoona katika nyumba za siku hizi. Tumfuate nani?

Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU

Marahaba, mama, na hongereni kwa nyumba. Fundi wa kwanza msimfuate, wa pili msimfuate, na wa tatu ana sehemu ya jibu ingawa hoja yake kuhusu hewa ya milimani si sahihi. Mabomba yote mawili yanaweza kuhamishwa na ukuta unaweza kuondoka, lakini njia mpya ya hewa inapaswa kuamuliwa, kufungwa na kupimwa kabla nyundo haijagusa tofali. Watu huanza na ukuta kwa kuwa ndio unaoonekana, kisha huuliza bomba lipite wapi wakati njia zote nzuri zimekwisha kufunikwa na marumaru mpya.

Bomba la hewa halibebi maji, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Chini ya sinki lenu kuna trapu, yaani kile kipande kilichopinda ambacho hubaki na maji wakati wote. Maji hayo, ambayo kwa kawaida huwa na kina cha milimita 50 hadi 75, ndiyo kizuizi pekee kilichopo kati ya hewa ya jikoni na hewa ya shimo la majitaka. Sinki lililojaa likifunguliwa, maji hushuka yakiwa yamejaza bomba, na nyuma yake huacha upungufu wa hewa ambao hunyonya chochote kilicho karibu. Kila aliyewahi kumimina mafuta kutoka kwenye dumu lililojaa anajua kwamba dumu hugugumia na kutapika mpaka litobolewe tundu dogo upande wa juu. Bomba la hewa ndilo tundu hilo. Likiwapo, kinachonyonywa ni hewa ya juu ya paa. Lisipokuwapo, kinachonyonywa ni maji ya trapu, nanyi mtasikia sinki likitoa sauti ya gulugulu, kisha baada ya muda harufu, na pamoja na harufu mende.

Nguvu inayotosha kuondoa maji hayo ni ndogo mno. Safu ya maji yenye kimo cha milimita 75 husukumwa na mgandamizo usiofikia hata sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Hapo ndipo hoja ya fundi wa tatu inapoanguka. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli kwamba mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na wa Dar es Salaam. Lakini trapu haiathiriwi na uzito wa hewa ya mahali, huathiriwa na tofauti kati ya mgandamizo ulio ndani ya bomba na ule ulio jikoni, na tofauti hiyo huletwa na mwendo wa maji wala si na kimo cha mlima. Vipimo vya pwani vinafaa Uyole bila kuongezwa chochote.

Bomba la inchi nne lina kazi ya pili. Katika nyumba zenye shimo la septiki, ambazo nje ya mtandao wa majitaka ndizo nyingi, gesi zinazotokana na uchachu wa kinyesi hupanda kupitia bomba hilo na kutawanyika juu ya paa. Miongoni mwake kuna methani, ambayo hushika moto, na haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu. Ushauri wa kulikata bomba darini maana yake ni kuzikusanya gesi hizo juu ya vichwa vyenu, pamoja na mvuke utakaolowanisha mbao za kenchi na kutia kutu misumari, mahali palepale zinapopita nyaya za umeme. Sioni hali yoyote ambayo ushauri huo unafaa.

Kabla ya kuhamisha chochote, hakikisheni kila bomba ni la nini. Mtu mmoja apande juu ya paa na kumimina ndoo ya maji katika bomba moja, na mwingine asimame penye chemba iliyofunguliwa na penye gali trapu, yaani kile kishimo cha nje chenye trapu yake kinachopokea maji ya jikoni, aone maji yanatokea wapi. Kisha warudie kwa bomba la pili. Chunguzeni pia kama beseni la kunawia au bafu limeunganishwa na bomba hilo la inchi mbili, kwa sababu mafundi waliotangulia mara nyingi hutumia bomba lililo karibu, na ukilihamisha kwa ajili ya sinki unaweza kuukatia hewa mfereji mwingine ambao hukuufikiria.

Bomba la inchi nne ndilo rahisi. Kwa kuwa linatoka chooni, si lazima liendelee kupita katika ukuta wa jiko. Fundi afukue upande wa choo, aweke kiungo kwenye bomba lilelile la chini kabla halijaingia jikoni, alipandishe bomba jipya moja kwa moja kutoka hapo, na kipande cha zamani kinachoelekea jikoni kikatwe karibu kabisa na kiungo hicho na kufungwa kwa kifuniko kilichotiwa gundi ya PVC. Tambara au kipande cha zege si kifuniko, panya hupita. Kupandishia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipitisha katika kona ya choo hadi darini, na huko kuligeuza lilale mpaka lifikie tundu la bati lililopo, ili msitoboe paa upya. Likilala darini litumie elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90, lifungwe kwenye kenchi lisilegee, na liinamie upande linakotoka ili matone ya mvuke yarudi chini badala ya kutuama. Ya pili ni kulitoa nje na kulipandisha kwenye ukuta wa nje hadi lipite ukingo wa paa. Mimi hupendelea hii ya pili, kwa sababu bati halitobolewi, bomba linaonekana likipasuka, na mvua za Mbeya, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hazipati mwanya wa kuingia. Wapo wasiopenda kuona bomba ukutani; wanaweza kulipaka rangi ya ukuta.

Bomba la sinki ndilo lenye mtego. Kipimo cha kwanza kinachotakiwa ni umbali kutoka kwenye trapu hadi pale bomba la hewa linapoungana na bomba la majitaka. Kanuni inayotumika katika sehemu nyingi za Marekani huruhusu futi 6 kwa bomba la inchi moja na nusu na futi 8, yaani kama mita 2.4, kwa bomba la inchi mbili. Waingereza huachia zaidi, kwani huruhusu mita 3 kwa bomba la milimita 40 na mita 4 kwa la milimita 50. Nawashauri mtumie kipimo kikali, kwa sababu mantiki yake inaeleweka hata bila kitabu mkononi. Bomba la majitaka la jikoni hulazwa kwa mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Likifika mita 2.5 litakuwa limeshuka sentimita 5, ambazo ndizo upana wa bomba la inchi mbili lenyewe. Kuanzia hapo tundu la hewa limekwisha kuwa chini ya usawa wa mdomo wa trapu, maji yanaweza kulijaza bomba lote tangu kwenye trapu mpaka kwenye tundu hilo, na unyonyaji huanza kana kwamba bomba la hewa halikuwekwa kabisa. Kwa mantiki hiyohiyo, fundi anayeongeza mteremko ili maji yaende kasi anaufupisha umbali unaoruhusiwa, haurefushi.

Mtego wenyewe uko hapa. Mafundi wengi wakiambiwa kwamba ukuta unaondoka hulishusha bomba la hewa chini ya sakafu, hulilaza hadi ukuta ulio karibu, kisha hulipandisha. Kwenye karatasi inaonekana kazi nzuri, na kwa mwaka mmoja au miwili hufanya kazi. Lakini siku bomba la majitaka litakapoziba mbele, maji yenye mafuta, makombo ya ugali na mchanga wa mboga yatarudi na kuingia katika kipande hicho kilicholala, na kwa kuwa hakuna maji yanayopita humo kila siku kukisafisha, uchafu utabaki na kuganda. Katika baridi ya Juni na Julai, mafuta ya kukaangia huganda kabla hayajafika hata kwenye chemba. Mtazibua bomba la majitaka na kuona maji yanakwenda, bila kujua kwamba lile la hewa limekufa. Ndiyo maana kanuni hutaka bomba la hewa lipande wima kwanza, na lisigeuzwe kulala mpaka limepita angalau milimita 150 juu ya ukingo wa sinki, pale ambapo maji yangefurika. Ukuta ukiisha kuvunjwa, hakuna tena pa kulipandishia, na huo ndio ugumu wote wa swali lenu.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza si la bomba, ni la sinki: lihamishieni kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha. Huko bomba lake litatoboa ukuta na kumwaga katika gali trapu iliyo nje, chini ya kichungio lakini juu ya usawa wa maji yake. Likiwa fupi, tuseme chini ya mita mbili, hewa huliingia kutoka kwenye uwazi wa gali trapu yenyewe, na sinki halihitaji bomba la hewa la peke yake. Nyumba nyingi za zamani za Mbeya na Iringa zilijengwa hivyo, na majiko yake hayanuki baada ya miaka mingi. Mtapoteza meza ya katikati yenye maji; meza yenyewe mnaweza kuijenga na kuitumia kwa kukatia mboga na kulia chakula.

Kama moyo wenu umekwisha kuamua sinki likae katikati, kuna namna mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni ya kitanzi: bomba la hewa hupandishwa ndani ya meza hadi juu kabisa kadiri nafasi inavyoruhusu, hupindwa, hushushwa tena chini ya sakafu, na hapo huunganishwa na bomba la majitaka ili kinachoingia kiweze kutoka, kabla ya kwenda kupanda kwenye ukuta uliobaki. Hiyo huhitaji sakafu kuchimbwa sehemu kubwa na vifuniko vya kuzibulia viwekwe panapofikika, na kwa nyumba iliyokwisha kujengwa naiona kama kazi kubwa kuliko faida yake.

Namna ya pili ndiyo valvu ya fundi wa tatu. Valvu hizi zilibuniwa Uswidi katika miaka ya 1970. Ndani yake kuna kisahani cha mpira kinachokaa kimefungwa kwa uzito wake. Maji yakishuka na kunyonya, kisahani huinuka na hewa ya chumbani huingia, na unyonyaji ukikoma hujifunga ili harufu isitoke. Inafaa, kwa masharti. Iwekwe wima, angalau milimita 100 juu ya bomba linalotoka kwenye trapu, na ikae ndani ya kabati lenye mlango, kwa sababu mpira huchakaa na siku moja utahitaji kubadilishwa. Kuizika kwenye plasta ni kujitafutia kubomoa upya. Sharti kubwa zaidi ni kwamba valvu huingiza hewa tu, haitoi. Haiwezi kupumulisha shimo la septiki, wala haiwezi kutoa mgandamizo unaorudi nyuma pale shimo linapojaa. Nyumba inayotumia valvu lazima ibaki na angalau bomba moja lililo wazi juu ya paa, na kwenu bomba hilo ni lile la inchi nne. Mkiwasikiliza fundi wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, yaani mkafunika yote mawili na kutegemea valvu, mtakuwa mmeifunga nyumba nzima pumzi. Dukani, ijaribuni valvu kabla ya kulipa: ipulizeni kutoka chini kwa mdomo, hewa isipite, inyonyeni, ifunguke kwa urahisi.

Kuhusu upana, bomba la hewa lisipungue nusu ya upana wa bomba la majitaka linalolihudumia, na wala lisiwe chini ya inchi moja na robo. Kwa sinki moja bomba la inchi moja na nusu linatosha. Hata hivyo kama mna vipande vya inchi mbili vilivyobaki, vitumieni.

Nimeulizwa bomba, lakini siwezi kuupita ukuta wenyewe kimya. Ukuta wa ndani wa tofali za kuchoma mara nyingi umebeba kenchi, hata kama hauonekani kubeba kitu. Fundi apande darini na kuangalia kama mbao za kenchi zimeegemea juu yake au zimekatwa na kuungwa hapo. Kama zimeegemea, lenta iliyo juu ya ukuta haitoshi peke yake, kwa sababu iliundwa ikijua kwamba chini yake kuna tofali. Patahitajika boriti ya zege yenye nondo zilizohesabiwa kwa upana wa uwazi mpya, nguzo za kuipokea pande zote mbili, na mirunda ya kushikilia paa mpaka zege likomae. Mnakaa kando ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa takribani 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne iliyopita. Mhandisi wa ujenzi wa halmashauri auone mchoro kabla ya kazi, na kibali kipatikane.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: bomba jipya la choo lijengwe na kufikishwa juu ya paa, sinki lihamishwe na kuunganishwa, kisha mabomba mapya yajazwe maji yakiwa yamezibwa upande wa chemba na kuachwa nusu saa huku kila kiungo kikikaguliwa, na sakafu isifunikwe kabla ya hapo. Baada ya kuridhika, jazeni sinki hadi juu, lifungueni ghafla, na mtu avute maji ya choo wakati huohuo. Mkisikia gulugulu, hewa haijatosha, na bado mna nafasi ya kurekebisha. Mkisikia maji yakishuka kwa sauti moja hadi mwisho, na trapu ikabaki na maji yake, mabomba ya zamani yanaweza kukatwa na ukuta kuvunjwa. Wakati wa kuvunja, midomo ya mabomba yote yaliyo wazi izibwe, kwani vipande vya tofali vikiingia kwenye bomba la chini ya sakafu, kuvitoa ni shughuli.

SWALI

Nyumba yangu iko Makete, upande wa Kitulo, ambako miezi ya Juni na Julai alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilipopanua jiko nilivunja ukuta, na bomba la hewa nikalipandisha kwenye ukuta wa nje. Sasa nimesoma kwamba katika nchi za baridi mabomba ya hewa huziba kwa barafu na hayatakiwi kuwekwa nje. Je, nilirudishe ndani?

Msomaji, Makete

JIBU

Liache lilipo. Ulichosoma ni kweli kwa Canada na kaskazini ya Marekani, ambako kwa siku nyingi mfululizo, mchana na usiku, joto halipandi juu ya nyuzi sifuri. Mvuke wa majitaka ukifika mdomoni mwa bomba huganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu linafungwa. Mafundi wa huko hulipanua bomba hadi inchi 3 au zaidi kabla halijatokeza juu ya paa. Baridi ya Makete ni ya usiku. Jua likichomoza umande ulioganda huyeyuka, na kile chembamba kilichojishika kwenye mdomo wa bomba huyeyuka nacho. Kama bomba lako ni la inchi mbili au zaidi, halitaziba kwa sababu hiyo.

Kitakachokusumbua ni jua lenyewe. Bomba la PVC lililo wazi hushambuliwa na mionzi ya jua hadi linakuwa gumu na jepesi kuvunjika, na katika kimo kinachozidi mita 2,500 mionzi hiyo ni mikali kuliko pwani, hata siku ambazo mwili unahisi baridi. Lipake rangi ya maji yenye weupe, mikono miwili, na ulirudie kila unaporudia ukuta. Lifunge kwa vishikio imara, maana upepo wa uwanda wa juu hulitikisa na viungo hulegea. Mdomo wake uwe angalau milimita 900 juu ya dirisha lolote linalofunguliwa lililo ndani ya mita 3. Wengi hulifikisha usawa wa juu wa dirisha la jiko na kushangaa kwa nini harufu inarudi ndani. Juu yake weka kofia yenye wavu wa matundu ya wastani, ili ndege wasijenge kiota na nzi wasishuke shimoni, na uikague kila mvua zinapokwisha.

SWALI

Sisi ni wapangaji, Gangilonga, Iringa. Mwenye nyumba alivunja ukuta wa jiko kabla hatujahamia, na kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Lakini kila choo kikivutwa, sinki la jikoni linagugumia, na jioni jiko zima linanuka. Tumeambiwa tumwage dawa ya kusafishia mabomba. Tumemwaga, na hali ni ileile.

Wapangaji, Iringa

JIBU

Dawa huyeyusha mafuta na uchafu, haileti hewa. Choo na sinki lenu vinatumia bomba moja la majitaka, na maji ya choo yanaposhuka hunyonya kile kilicho karibu, ambacho sasa ni maji ya trapu ya sinki. Hakikisheni hivi: mimineni maji kwenye sinki hadi trapu ijae, mulikeni kwa tochi kwenye tundu la sinki, na mmoja wenu avute maji ya choo. Mkiyaona maji yakicheza na kushuka, jibu mmelipata. Kisha simameni nje muangalie paa. Kama hakuna bomba linalotokeza, au lipo lakini halijaunganishwa na kitu tena, basi lilikatwa pamoja na ukuta.

Mwenye nyumba amtume fundi darini, na aende na tochi, si kibiriti wala mshumaa, kwa kuwa gesi inaweza kuwa imejikusanya humo. Akikuta bomba lililokatwa likiwa wazi, hilo liunganishwe na kupitishwa kwenye bati siku hiyohiyo. Tundu litobolewe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, na lizungushiwe kola ya mpira na silikoni. Akikuta hakuna kitu darini, bomba limefunikwa chini, na hapo kiungo kipya cha hewa kitatakiwa upande wa choo, kikipandia ukuta wa nje kama nilivyomweleza mama wa Uyole. Asikubali kuuziwa valvu ya sinki kabla bomba la wazi halijarudi, kwa sababu itanyamazisha sauti jikoni huku gesi ya shimo ikitafuta trapu nyingine ya kupitia, mara nyingi ile ya bafu isiyotumika kila siku.

Mpaka fundi atakapokuja, mimineni lita moja ya maji kwenye sinki kila baada ya kuvuta choo, na usiku lifunikeni tundu lake kwa kizibo.